Fungua Kitabu Kigumu, Mtoto wa Lubumbashi

Kila mwaka, darasa la nane likishakwisha, nyumba nyingi za komuni zetu, Katuba, Kenya, Kamalondo na Ruashi, huingia katika mjadala uleule. Mtoto anatakiwa achague mchepuo wa sekondari. Papa anataka umeme au mekanika, maana viwanda vya shaba na kobalti vinatafuta mafundi. Mama anataka komersiale, maana hakuna duka lisilohitaji mtu wa hesabu. Shangazi mwenye jamaa benki anamuunga mkono mama. Mtoto akisema kwa sauti ndogo kwamba angependa Latin-Philo, wote wanamgeukia: "Utakula nini na Kilatini?"

Swali hilo halistahili kudharauliwa. Mzazi anayeuliza hivyo amekesha akihesabu faranga za minervali, na anajua kwamba bukari haipikwi kwa sifa. Lakini leo naandika kwa ajili ya yule mtoto mwenye sauti ndogo. Naandika pia kwa ajili ya mwalimu wake wa Kilatini anayejinunulia chaki, na kwa ajili ya mwanafunzi wa Kasapa, kampasi ya chuo kikuu chetu, aliyekiacha kitabu kigumu katikati usiku ule umeme ulipokatika, asipate mtu wa kumwambia arudi kukimaliza. Ninyi nyote nawaambia: rudini. Nina ushahidi wa watu waliorudi hata pale sheria, moto na njaa vilipowakataza, na wawili kati yao ni wana wa Katanga.

Nianze na Mmarekani mmoja. William Sanders Scarborough alizaliwa tarehe 16 Februari 1852 katika mji wa Macon, jimbo la Georgia. Baba yake, Jeremiah, alikuwa amekwisha kupata uhuru wake. Mama yake, Frances, alikuwa bado mtumwa, na sheria ya wakati ule ilimfanya mtoto afuate hali ya mama. Kwa hiyo Scarborough alizaliwa mali ya mtu. Tangu mwaka 1829 Georgia ilikuwa imepiga marufuku kumfundisha mtumwa kusoma. Yeye alisoma hivyo hivyo. Alikuwa akitoka nyumbani kama mtoto anayekwenda kucheza, kitabu amekificha, akienda kufundishwa kwa siri na jirani Mzungu aliyekubali kuivunja sheria ile kwa ajili yake. Alifunzwa pia kushona viatu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865, mtoto huyo wa miaka 13 alikuwa anajua kusoma na kuandika, na alikuwa na kiu.

Mwaka 1869 aliingia Atlanta University, kisha akaenda Oberlin, chuo cha jimbo la Ohio ambacho kilipokea wanafunzi weusi tangu kabla ya vita. Alihitimu mwaka 1875. Akarudi Macon kufundisha Kilatini na Kigiriki katika shule ileile aliyosomea, Lewis High School. Watu wasiopenda kuona watoto weusi wakisoma wakaichoma moto. Scarborough akafunga mizigo, na mwaka 1877 akafika Wilberforce, Ohio, chuo kikuu cha kanisa la watu weusi, akawa mwalimu wa lugha za kale.

Hapa tusimame kidogo, maana ndipo penye kiini.

Miaka ya 1830, kijana mweusi wa New York aliyeitwa Alexander Crummell alikuwa akitumwa-tumwa katika ofisi ya wapinga utumwa. Siku moja akawasikia wanasheria wawili wakisimulia chakula walichokula pamoja na Seneta John C. Calhoun wa South Carolina, mtetezi mkubwa wa utumwa. Kwa masimulizi ya Crummell, Calhoun alikuwa amesema kwamba siku atakapopatikana Mweusi mmoja anayeijua sarufi ya Kigiriki, ndipo ataamini kuwa Mweusi ni binadamu. Crummell hakuusahau usemi ule. Alivuka bahari akaenda Cambridge, Uingereza, akasoma Queens' College, na Kigiriki kilikuwa miongoni mwa masomo yake. Alimaliza mwaka 1853.

Calhoun alikufa mwaka 1850. Miaka miwili baadaye akazaliwa Scarborough. Na mwaka 1881 kampuni ya A. S. Barnes ya New York ikachapa kitabu cha shule chenye jina First Lessons in Greek, mwandishi W. S. Scarborough. Kilikuwa kitabu cha kumwongoza mwanafunzi kutoka herufi za kwanza hadi aweze kumsoma Xenophon. Kilitumiwa na watoto weusi na weupe. Mtu ambaye utotoni sheria ilikataza kumfundisha a-e-i-o-u sasa ndiye aliyekuwa akiwaeleza watoto wa Marekani jinsi kitenzi cha Kigiriki kinavyobadilika kutoka wakati mmoja hadi mwingine.

Wengi wanaosimulia habari hii huishia hapo: tusi limejibiwa, makofi. Mimi naona tukiishia hapo tunampa Calhoun heshima asiyostahili. Utu wa mwanadamu haupimwi kwa sarufi yoyote, na anayekudai uthibitishe kwamba wewe ni mtu hatatosheka hata ukimletea Homer mzima kichwani. Scarborough hakukaa usiku kucha na orodha za vitenzi kwa ajili ya maiti ya seneta. Alikaa kwa ajili ya wanafunzi wa Wilberforce waliokuwa wanakuja darasani asubuhi, na kwa sababu alikipenda Kigiriki. Aliandika juu ya Aristophanes na juu ya Plato, akabishana na wataalamu wenzake kwa hoja. Mwaka 1882 alijiunga na chama cha wanafilolojia wa Marekani, akabaki mwanachama hadi kufa kwake mwaka 1926.

Je, mambo yalimnyookea? Hayakumnyookea. Mwaka 1892 alisimama mbele ya wanafilolojia wenzake katika Chuo Kikuu cha Virginia, kile alichokiasisi Thomas Jefferson aliyemiliki watumwa, akasoma makala yake ya kitaaluma. Mwaka huohuo Wilberforce ikamwondoa kazini. Miaka mitano yeye na mkewe Sarah waliishi kwa kubana, na mshahara wa Sarah, mwalimu, ndio uliosaidia nyumba isianguke. Mwaka 1897 alirudishwa. Mwaka 1908 akawa rais wa chuo hicho, akakiongoza hadi 1920. Mwanzoni mwa urais wake, mwaka 1909, chama chake kilikutana Baltimore, na hoteli ikasema haitaandaa chakula cha jioni ikiwa Scarborough atakaa mezani. Hakwenda. Wala hakuacha kuandika.

Ewe unayesoma ukiwa na barua ya kufukuzwa kwa ada, au matokeo ya mtihani yaliyokuvunja moyo, itazame tena miaka mitano ile kati ya 1892 na 1897. Ndani ya miaka hiyo hakukuwa na makofi. Kulikuwa na mtu mwenye meza, taa na Kigiriki chake, akiendelea. Kama unatafuta pa kumwiga, mwige hapo.

Sasa turudi nyumbani, maana hoja ya Papa pale sebuleni Katuba ina historia, na historia yenyewe imepita Marekani. Mwaka uleule wa 1881 kitabu cha Scarborough kilipotoka, Booker T. Washington alifungua shule ya Tuskegee huko Alabama, shule ya kufundisha kilimo, matofali, useremala na usafi. Washington alifanya kazi kubwa na sitamvunjia heshima. Lakini kutoka hapo lilikua wazo kwamba mtu mweusi afundishwe mikono, na kichwa kingoje. Wazo hilo likapanda meli. Mwaka 1920 na 1921 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizunguka Afrika, Kongo ya Wabelgiji ikiwamo, ikihimiza serikali za kikoloni zifuate mtindo huo. Kwa Wabelgiji lilikuwa neno tamu. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilihitaji mikono na makarani wachache. Elisabethville, mji huu wetu uliozaliwa 1910, ulijengwa kwa mikono hiyo.

Mlango mmoja tu ulibaki wazi: seminari. Kanisa Katoliki lilihitaji mapadre, na wakati ule hakukuwa na padre bila Kilatini. Kwa hiyo huko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, katika misheni ya Mpala, vijana wa Marungu walianza kusoma lugha ya Cicero wakati ambapo shule nyingi za koloni ziliwafundisha wenzao kuhesabu na kuimba. Mmoja wao ni Stefano Kaoze. Mwaka 1910 alikuwa bado mseminari, lakini tayari aliandika kwa Kifaransa juu ya fikra na roho za watu wake, na maandishi yake yakachapwa Ubelgiji kwa jina La psychologie des Bantu. Tarehe 21 Julai 1917 alipewa upadre Baudouinville, pale panapoitwa leo Moba. Alikuwa padre wa kwanza Mkongo wa zama za kisasa. Scarborough alikuwa bado rais wa Wilberforce. Hawakujuana. Kilichowaunganisha ni kwamba wote wawili waliingia katika elimu ambayo mwenye nguvu aliidhania yake, na walipokuwa ndani wakaandika.

Mtu wa pili ni wetu kabisa. Valentin-Yves Mudimbe alizaliwa tarehe 8 Desemba 1941 Jadotville, ndiyo Likasi, kilomita kama 120 tu kutoka hapa. Alichukuliwa seminari akiwa mtoto. Akiwa kijana aliingia utawa wa Wabenediktini katika monasteri ya Gihindamuyaga, Rwanda, ambako siku ilipimwa kwa zaburi za Kilatini na kwa kengele. Aliondoka katika utawa, lakini nidhamu ile hakuiacha mlangoni. Akasoma filolojia Lovanium, kule Kinshasa, kisha akapata udaktari Louvain mwaka 1970. Moja ya vitabu vyake vya kitaaluma, Air, kilichotoka mwaka 1979, ni uchunguzi wa maana za neno moja tu: hewa. Kitabu kizima, neno moja! Mtu anaweza kucheka. Lakini aliyeweza kulifuata neno moja kwa uvumilivu huo ndiye baadaye aliyeweza kulifuata neno "Afrika" kwa karne ishirini na zaidi, na hapo hakuna aliyecheka.

Mwaka 1971 Mobutu aliviunganisha vyuo vikuu vya nchi kuwa kimoja, UNAZA, na kitivo cha fasihi kikahamishiwa Lubumbashi. Mudimbe akaja nacho. Kwa miaka ya sabini mji huu wa moshi na shaba ulikuwa moja ya mahali motomoto pa fikra katika Afrika nzima, jambo ambalo vijana wetu hawaambiwi vya kutosha. Pale Kasapa walikutana wanahistoria, wanaisimu, wanafalsafa na wanaanthropolojia, wakasomana na kukosoana. Mwaka 1973 Mudimbe alitoa riwaya yake Entre les eaux, habari za padre anayejiunga na waasi, na mwaka 1975 ikapata tuzo ya Grand Prix Catholique de littérature. Amri ya Mobutu ya uhalisi ilipofuta majina ya Kizungu akawa Vumbi Yoka Mudimbe, na zile herufi mbili za mwanzo, V. Y., zikabaki palepale.

Karibu na mwaka 1980 chama-dola kilimtaka aingie katika uongozi wake wa juu. Angekubali, angepata gari, nyumba na walinzi. Aliondoka nchini. Akafundisha Haverford, Stanford na kwa muda mrefu Duke, North Carolina, akaanza kuandika vitabu vizito kwa Kiingereza, lugha ambayo hakulelewa nayo. Mwaka 1988 kikatoka The Invention of Africa, na mwaka uliofuata kikapata tuzo ya Herskovits, tuzo kubwa ya vitabu vya taaluma za Afrika Marekani.

Kitabu hicho kinasema nini? Nitakieleza kwa ufupi niwezavyo. Kwa karne nyingi wasafiri, wamisionari na wanaanthropolojia waliandika juu ya Afrika, na maandishi yao yakalundikana yakawa kile Mudimbe alichokiita maktaba ya kikoloni. Anayetaka kujifunza juu ya Afrika, hata akiwa Mwafrika, huanza ndani ya maktaba hiyo, na mara nyingi hutumia kauli zake bila kujua zimetoka wapi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuisoma maktaba yenyewe, kitabu kwa kitabu, kujua ilijengwaje. Mwaka 1994, katika The Idea of Africa, alirudi nyuma zaidi, mpaka kwa Wagiriki na Warumi: Herodotus, Diodorus, Pliny, na kile kisa cha Hercules akiwa katikati ya Wapigmi alichokieleza Philostratus. Aliyasoma matini hayo mwenyewe, kama mtaalamu wa lugha za kale, akaonyesha jinsi picha ya Mwafrika kama kiumbe wa pembezoni ilivyochorwa zamani mno, na jinsi ilivyonakiliwa kutoka mkono hadi mkono.

Hilo ndilo ninalotaka likukae kichwani, mwanangu. Mtoto wa Likasi aliweza kuikagua picha ya bara lake kwa sababu miaka mingi kabla alikaa kwenye benchi akihangaika na uambishaji wa Kilatini. Asingekuwa na lugha hizo, angebaki kuamini tafsiri za wengine, au kuzikasirikia, ambako ni namna nyingine ya kuzitegemea. Naye hakuwa mjinga wa mambo haya. Katika L'Odeur du père, kitabu cha mwaka 1982, alionya kwamba mwenye kudhani ameachana na Magharibi huenda bado anatumia vifaa vyake hata anapoikana, na ni lazima ajue kiasi gani. Kilatini kilikuja Katanga na nguo ya ukoloni. Hilo ni kweli, tusilifiche. Dawa yake ni kukijua kuliko aliyekileta.

Mudimbe alifariki Aprili 2025, North Carolina. Wapo wanafunzi wa Lubumbashi waliolisikia jina lake kwa mara ya kwanza katika tangazo la kifo chake. Jambo hilo linaniuma, na nalisema kwa sababu linaweza kurekebishwa na sisi wenyewe, kuanzia mwaka huu wa masomo.

Acha sasa niingie darasani kabisa, maana watu huogopa wasichokiona. Mwanafunzi wa Latin-Philo amepewa sentensi moja ya Caesar. Mistari minne. Kitenzi kikuu kimekaa mwisho, mbali. Kabla ya kugusa Gaffiot, ile kamusi nene ya Kilatini na Kifaransa ambayo nakala moja huzungushwa darasa zima, anatafuta kitenzi hicho. Anajiuliza: ni nafsi gani? Umoja au wingi? Kisha anamtafuta mtenda anayelingana nacho. Anakuta nomino tatu, na kila moja ina mwisho unaosema kazi yake: huyu anatenda, huyu anatendewa, huyu ndiye mwenye kitu. Kivumishi kimesimama maneno matano mbali na nomino yake, lakini kimekubaliana nayo. Ukikisia, sentensi inakukatalia. Ukidanganya, inakataa. Dakika arobaini zinapita, na ghafla mistari minne inatii.

Na hapa mtoto wetu ana mtaji asiojua kwamba anao. Aliyekulia ndani ya Kiluba, Kibemba, Kisanga au Kiswahili ameyaishi makubaliano ya namna hiyo tangu tumboni. Akisema "kitabu kikubwa kimepotea", ameilinganisha nomino, kivumishi na kitenzi kwa pumzi moja, bila kufundishwa na mtu. Mtoto wa Kiingereza anapambana miezi mingi kuelewa kwa nini kivumishi kifuate nomino yake hivyo. Wewe utashangaa tu kwamba na Warumi walikuwa nayo.

Ukishapata mazoea hayo ya kusoma, hayabaki kwa Caesar. Mwaka 1965, mtu aitwaye André Yav aliandika, kwa niaba ya waliokuwa wafanyakazi wa nyumbani wa Wazungu, historia ya Elisabethville: Vocabulaire de la ville de Elisabethville. Aliiandika kwa Kiswahili cha mjini hapa, kile cha Kamalondo na Kenya, bila mhariri wa kumsahihisha. Ni historia ya mji inayosimuliwa na waliopika, waliofua na waliosimama nyuma ya kiti cha bwana wakisikia kila kitu. Mwaka 1990 mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliichapisha pamoja na tafsiri na maelezo, akiisoma mstari kwa mstari, neno kwa neno, kwa heshima ileile wanayopewa waandishi wa kale wa Ulaya. Mbinu ni moja: kulinganisha, kuuliza kwa nini neno hili na si lile, kutoliruka gumu. Ni nani kati yenu atakayeisoma tena, yeye aliyezaliwa ndani ya Kiswahili hicho? Ni nani atakayekusanya barua za wafanyakazi wa Union Minière, mahubiri ya makanisa ya Katuba, nyimbo za jamaa wa Lamba na Sanga, na kuyapa matini hayo uangalizi huo? Kazi ipo. Inawangoja watu waliofunzwa kusoma polepole.

Turudi kwa Papa na swali lake, maana sijalikimbia. Atakula nini?

Sitamwahidi utajiri. Nitamwambia mambo ninayoyaona. Mji huu unaishi kwa shaba, lakini shaba yenyewe inahama kwa karatasi. Sheria ya Madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa Machi 2018, inaitaka kila kampuni inayochimba itenge angalau asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka mgodi, na isaini na jamii hizo daftari la majukumu. Daftari hilo limeandikwa kwa Kifaransa cha kisheria, sentensi ndefu, masharti ndani ya masharti. Siku ya kusaini, mezani anakaa mwanasheria wa kampuni, na upande wa pili chifu na wazee wa kijiji. Nani anawasomea wazee? Nani anaona kwamba neno lililofunga fungu la tatu limelegezwa na fungu la saba? Mtu aliyezoea kusubiri mpaka kitenzi cha mwisho kabla ya kusema ameelewa, huyo ndiye ninayemtaka upande wa kijiji. Mahakama zinamhitaji, redio na magazeti yanamhitaji, shule zinamhitaji, na wafasiri wazuri kati ya Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili hawatoshi katika mji ambao kila siku unapokea wafanyabiashara kutoka Zambia na Tanzania. Wala fundi umeme hakatazwi Kilatini. Scarborough alijua kushona viatu.

Basi, Papa, mwache ajaribu. Na wewe mwanangu, ukishapewa ruhusa usiichezee. Ruhusa hiyo mama yako ameilipia.

Usingoje hali iwe nzuri. Umeme utakatika, soma mchana, uwanjani, chini ya mwembe, popote. Huna kamusi? Mko saba darasani mnaotaka: changeni, mpige kopi kurasa mnazohitaji, anayeishi karibu na shule atunze kabrasha. Jioni moja kwa wiki kaeni pamoja na sentensi tano tu, lakini msiiache hata moja kabla haijafunguka. Mmoja akose, wengine wamwonyeshe bila kumcheka. Mwalimu wenu amechoka, mshahara umechelewa, ni kweli. Mfuateni baada ya kipindi mkiwa na swali lenye akili, mtaona uso wake unavyobadilika. Hakuna mwalimu wa Kilatini Lubumbashi ambaye hajawahi kumngoja mwanafunzi mwenye swali la namna hiyo.

Mwalimu, nawe nakuomba jambo. Mlete Scarborough darasani. Mlete Kaoze, mlete Mudimbe, waandike ubaoni pamoja na Cicero, na miaka yao. Mtoto anayedhani Kilatini ni mali ya watu wa mbali atakisoma kama mgeni anavyokaa ukingoni mwa kiti. Akijua kwamba mtu wa Likasi alikitumia kuwahoji Wagiriki wenyewe, atavuta kiti.

Na ninyi wa Kasapa, wa fasihi na wa sayansi za binadamu, mna kazi ya karibu zaidi. Nendeni maktaba mwulize vitabu vya Mudimbe. Vikikosekana, ulizeni tena wiki inayofuata, mkiwa wawili. Vikipatikana, msisome muhtasari wa silabasi, someni vitabu vyenyewe, hata kama ukurasa mmoja utawachukua usiku mzima. Anzeni na sura ya Wagiriki katika The Idea of Africa, na kando yake wekeni ukurasa wa kwanza wa André Yav. Andikeni mnachokiona. Jumamosi ijayo mkutane, kila mtu na karatasi yake, na anayesoma kwanza awe yule mwenye sauti ndogo.